Vidonge vya Kijani Kabla ya Hotuba

Jumatatu, 4 Mei

Leo naapa: humu nitaandika yote, hata yale ya kunitia aibu. Hasa hayo, maana mengine sina.

Mimi ni katibu wa klabu ya kupinga dawa za kulevya. Ijumaa tunahutubia mbele ya shule nzima, na mshindi ataiwakilisha shule yetu kwenye mashindano ya shule zote. Mpinzani wangu ni mmoja, tunamwita Spika. Sauti yake haihitaji kipaza sauti. Yangu haifiki dawati la pili. Leo mwalimu mlezi alinisikiliza nikifanya mazoezi. Akapiga mwayo, akaniomba radhi, akapiga mwingine. Spika akasema klabu imepata dawa ya usingizi isiyo na madhara. Darasa likacheka. Nikacheka na mimi. Utani mzuri, sikatai.

Lakini nautaka ushindi huu! Mama, ambaye ni fundi cherehani, ameahidi kufunga kibanda aje kunisikia. Hajawahi kunisikia nikisema mbele za watu. Hakuna aliyewahi.

Jumanne, 5 Mei

Mpango! Binamu yangu anauza makava ya simu, chaja, na vingine visivyoeleweka. Nilimweleza shida yangu. Akafungua kabati la kioo, akanipa kipakiti cha vidonge vya kijani, ati vya uchangamfu. Nikamuuliza kwa ukali, kikatibu, kama ni dawa za kulevya. Akashika kifua. Vingekuwa haramu, akasema, angevianika hadharani na polisi wanakuja kununua chaja papo hapo? Nikakitia mfukoni. Tena mbele kumeandikwa "Asili Tupu", na kumechorwa jani. Jani!

Alhamisi, 7 Mei

Jana nilimeza kimoja, kwa majaribio tu. Maajabu! Nimeandika hotuba upya. Nimepiga pasi sare, kisha soksi, kisha pazia. Mama aliniuliza kama nina homa. Nikampa maelezo marefu kuhusu pazia. Sikula. Sikulala. Kumepambazuka, nami bado nahesabu maua ya pazia lile lile. Hotuba ni nzuri mno. Sehemu ya kati sijui inasemaje, mwandiko umekimbia.

Ijumaa, 8 Mei

Nilimeza viwili.

Spika alitangulia, akanguruma vizuri. Kisha mimi. Hotuba ndefu niliimaliza kabla mwalimu mlezi hajakaa sawasawa kwenye kiti. Nilisema vichangamshi huukimbiza moyo. Wangu ulikuwa unagonga mbavu. Nikasema mdomo hukauka. Ulimi ukanata. Nikasema mikono hutetemeka. Karatasi zikaruka hadi safu ya mbele. Nikasema mtumiaji hudhani watu wote wanamtazama yeye. Nikainua macho: wote walikuwa wananitazama! Nikapiga ukelele.

Shule nzima ikasimama kunishangilia. Walidhani naigiza! Mwalimu mlezi alifuta machozi, akasema hajapata kuona mwanafunzi aliyejiandaa namna hii. Nimeshinda! Spika akanijia karibu na kuniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, mbona maigizo yamekwisha na mimi bado natetemeka. Nikafungua mdomo nimjibu. Nikaanguka.

Mama ndiye aliyenibeba hadi kwa Nesi wa shule, futikamba bado ikining'inia shingoni mwake. Nesi alinishika kifundo cha mkono, akatazama saa, hakutabasamu. Akauliza nimemeza nini. Nikasema kitu halali kabisa. Akakitaka kipakiti, akakigeuza. Mimi sikuwahi kukigeuza. Nyuma, kwa herufi ndogo kama sisimizi: "Mbolea ya maua. Si kwa matumizi ya binadamu."

Mama akakaa sakafuni. Nesi akatueleza taratibu. Wanaovitengeneza hubadilisha mchanganyiko kila sheria inapowakaribia, na huandika mbolea ili wasiulizwe. Muuzaji hajui kilichomo. Yeye Nesi pia hajui, na ndiyo maana anaogopa. Vitu vya namna hii vimewahi kusimamisha moyo wa kijana mzima, vikaharibu figo, vikamwacha mtu anasikia sauti zisizokuwapo. Mama alikuwa amenishika mguu. Hakuuachia mpaka moyo wangu ulipotulia. Hilo silifanyii mzaha.

Nesi ameniagiza niandike kila ninachohisi, kisha Jumatatu nimpelekee shajara aisome. Mama alipita dukani kwa binamu. Sauti yake ilisikika mpaka barabarani. Kumbe uwezo huo umo kwenye ukoo!

Jumatatu, 11 Mei

Nesi, shikamoo. Nimelala, nimekula, moyo unakwenda mwendo wake. Nimekutii: vya kijani sivigusi tena maisha yangu yote.

Tatizo ni moja. Mashindano ya shule zote ni Jumamosi, na mwalimu mlezi amekwisha kuwasimulia waamuzi kuhusu mtetemeko wangu. Wanausubiri. Leo nimefanya mazoezi mbele ya mwalimu bila kumeza kitu. Akapiga mwayo. Spika amejitolea kunifundisha kupaza sauti, kila siku baada ya masomo. Hila hiyo! Nimekataa.

Binamu naye alikuja kuomba radhi. Ameapa hatauza mbolea tena, na kama fidia ameniletea vya njano. Usiwe na wasiwasi, Nesi, funzo limeniingia: safari hii nimegeuza kipakiti kwanza. Neno mbolea halimo kabisa. Kumeandikwa ni vya kusafishia matangi ya samaki. Kwa hiyo naomba unijibu leo hii hii, kabla ya kengele ya mwisho: tangi likisafishwa, samaki huwa wamo ndani?