Namna ya Kuua Kipindi cha Alhamisi

Jumatatu, 2 Machi

Mpango umepatikana! Idara yetu ya jiolojia inatafuta wanafunzi wa kukaa na wahadhiri kama washirika, warekebishe ufundishaji pamoja. Nimejiandikisha kwa Dakta Ishbel Rankine, anayetufundisha mawe kila Alhamisi saa tatu asubuhi. Saa tatu! Na Jumatano usiku nakaanga samaki dukani kwa mjomba. Nia yangu ni moja tu: kipindi kihamie mchana. Kikikataa, kife.

Mkosi: Elspeth Mutch naye kajiandikisha. Yule wa kiti cha mbele, mwenye penseli za kila rangi. Kaniambia, "Murdo, wewe utarekebisha nini? Hata vipindini huji." Nikamjibu kuwa aliye mbali huona vizuri zaidi. Hakucheka.

Jumanne, 3 Machi

Kikao cha kwanza. Chai na biskuti za siagi. Dakta kasema tusimwogope, tumwambie ukweli. Nikamwambia: ubongo wa binadamu hauamki kabla ya saa sita. Utafiti umeonyesha. Elspeth akauliza utafiti wa nani. Nikala biskuti.

Dakta akasema saa hawezi kubadili, vyumba vimejaa. Lakini watu wanasinzia darasani, na keshokutwa mkuu wa idara anakuja kumkagua. Mkataba wake unaisha kiangazi hiki. Alisema hayo akitazama kikombe chake. Nilimwonea huruma, kweli kabisa, karibu dakika nzima.

Kisha nikapendekeza twende ufukweni tukayaone mawe yenyewe. Mwezi Machi! Upepo wa kaskazini! Nani atakuja? Hakuna watu, hakuna kipindi. Mimi huyo kitandani.

Jumatano, 4 Machi

Balaa. Dakta kalipenda wazo. Isitoshe, maji yanakupwa mapema, kwa hiyo tukutane saa moja na nusu. Saa moja na nusu!!

Nimewaandikia wenzangu kwenye kundi la simu: mvua kubwa, njia inateleza, atakayebaki kitandani nitamtetea. Elspeth akaandika chini yangu kuwa kazi ya Dakta iko hatarini, na kwamba Murdo, mwenye wazo, ataleta chai ya moto kwa wote. Sijawahi kusema hivyo!

Alhamisi, 5 Machi

Wamekuja. Wote! Hata Lachlan Cheyne, ambaye sauti yake hatujaisikia tangu mwaka wa kwanza. Mvua inatupiga ubavuni, mimi nimebeba machupa ya chai kama punda. Mkuu wa idara, Profesa Abercrombie, kavaa viatu vya mjini.

Dakta hakuhutubia. Alituacha tuguse, tuulize. Lachlan akaweka kidole pale mawe ya chini yaliyosimama wima yanapokutana na ya juu yaliyolala. Akasema, "Hapa katikati, Dakta, miaka ilienda wapi?" Dakta akasema mawe ya mamilioni ya miaka yalimomonyoka hapo, macho yamemlowa, na si mvua. Mimi mwenyewe niliuliza maswali mawili. Kwa bahati mbaya.

Kisha nikateleza kwenye mwani, nikashika koti la Profesa, wote wawili tukaketi ndani ya dimbwi. Nikasema moyoni: kipindi kimekufa! Profesa akatazama jiwe lililokuwa mbele ya pua yake. "Kumbe ukiwa huku chini ndipo unapoona vizuri! Njooni, njooni!" Darasa zima likachuchumaa majini.

Jumanne, 10 Machi

Mkataba wa Dakta umeongezwa. Alitukumbatia. Nikakohoa. Nikasema ni biskuti.

Halafu tangazo: kuanzia sasa, kila maji yakikupwa sana, kipindi ni ufukweni. Cha kwanza ni Alhamisi ya tarehe 19, saa moja kamili. Chini yake: "Wazo la Murdo Geddes." Nusu ya darasa hawanisalimii. Elspeth kaniambia, "Umefanya jambo jema, mjinga we."

Jumatano, 11 Machi

Nimeligundua kosa langu. Nilichagua mhadhiri anayesikiliza! Sasa nimejiandikisha kwa Profesa Strachan, anayetufundisha takwimu kila Ijumaa saa mbili asubuhi, mtu asiyemsikiliza yeyote. Nimempendekezea wanafunzi wafundishane wenyewe. Atafura, atasusa, kipindi kwisha.

Jioni. Kajibu. Kafurahi mno. Niwe wa kwanza mimi, keshokutwa.

Hakijaharibika kitu. Nitafundisha vibaya.