Benchi la Baba na Bango Langu

Jumatatu, 3 Juni
Nimerudi kutoka semina. Mtu mpya kabisa! Mwezeshaji ametufunza kwamba biashara isimnufaishe mwenye mali peke yake. Mteja, mfanyakazi, mleta bidhaa, jirani, hata mshindani, wote wafaidike. Wanaitwa wadau. Nilikubali kwa kichwa mpaka shingo ikauma. Marehemu baba aliendesha tanuri hili la mikate maisha yake yote bila kuwa na mdau hata mmoja. Maskini baba!

Nimemweleza shangazi, dada yake baba, ambaye ndiye mwokaji wetu tangu sijazaliwa. Akauliza hao wadau watafika saa ngapi, aongeze unga.

Jumanne, 4 Juni
Nimeagiza bango: WADAU KWANZA. Nafasi ya kulisimamisha hakuna. Imeliwa na benchi la baba, zito, limeng'azwa na suruali za watu, limebonyea upande wa kushoto alipokuwa akikaa mwenyewe. Kila asubuhi aliumega mkate wa kwanza, wa moto, akawagawia waliokaa: dereva wa unga, muuza kuni, fundi cherehani wa mlango wa pili. Wakitafuna, wanasema. Leo chumvi imepungua. Leo kuni zilikuwa mbichi. Mimi, mtoto mdogo, nimebanwa katikati ya magoti yao, kipande changu kinaniunguza viganja, sitaki kukiachia. Harufu ile!

Hata hivyo, benchi si mkakati. Nimelitoa nje kando ya barabara.

Jumatano, 5 Juni
Bango limesimama. Linapendeza! Benchi limetoweka.

Nimeliona. Liko ng'ambo, mbele ya tanuri la Ndevu, mshindani wetu. Dereva, muuza kuni na fundi wamelikalia, wanatafuna mkate wa Ndevu. Fundi akanipigia kelele: "Bwana Mdau! Bango lako linasomeka vizuri sana kutoka huku!" Wakacheka mpaka benchi likatikisika. Ndevu akanikaribisha nivuke. Mtu asiye hata na cheti cha semina!

Alhamisi, 6 Juni
Mkutano wa kwanza wa wadau. Viti vya kukodi, maji ya chupa, ajenda. Amehudhuria paka. Dereva amesema yeye mkutano wake ameshaumaliza asubuhi, ng'ambo.

Balaa zaidi: shangazi amevua aproni. Amesema hajui tena mkate wake ukoje, maana hakuna wa kumwambia, na yeye huokea midomo ya watu, si mbao zilizopakwa rangi. Benchi lisiporudi Jumamosi, atalifuata liliko. Nikasema Ndevu hawezi kumpokea. Akasema ameshamwomba, tena kwa kumwamkia kwanza, jambo ambalo mimi tangu semina nimelisahau.

Bila shangazi sina mkate. Nitabaki kuuza bango.

Ijumaa, 7 Juni
Nimevuka kwenda kulidai benchi, kwa ukali, katika shati la semina. Ndevu akasema kijana wangu, kaa kwanza. Nikakaa. Upande wa kushoto, bila kufikiri. Pale palipobonyea pakanipokea.

Ndevu akanimegea mkate. Akasimulia tanuri lake lilivyobomoka zamani, na baba akamwachia letu aokee kwa zamu mpaka alipojenga upya. Sikuwahi kuambiwa. Kumbe benchi alilivuta tu lisinyeshewe. Nilichukue wakati wowote. Macho yakanitoka machozi. Nikasema ni moshi. Fundi akanijulisha kwamba moshi unaelekea upande wa pili.

Jumamosi, 8 Juni
Tumelibeba benchi, Ndevu kule, mimi huku. Shangazi amefunga aproni. Ameumega mkate wa kwanza mwenyewe, wakakaa wote, hata Ndevu. Muuza kuni akalalamikia chumvi. Shangazi akamjibu anunue ulimi mpya, akarudi jikoni akicheka. Hajacheka hivyo tangu msiba. Nilisimama mlangoni, nikasikia kama baba anakohoa.

Na hapo nikagundua kosa la baba. Watu wanakaa ovyo! Mteja kabanana na mshindani, mleta bidhaa kamwegemea jirani. Nimemwita seremala. Jumatatu, shangazi akiwa sokoni, atalikata benchi vipande vitano, kila mdau awe na chake, kimeandikwa. Nataka shangazi ashtukie tu kwa furaha.

Upande wa kushoto, pale palipobonyea, nimemwambia apapige randa pawe sawa. Baba angependa sana.