Jinsi Fundi Saa Alivyokaa Kitako Msituni

Sogeeni, enyi mliojikalia vitini kwa raha zenu bila kujua thamani ya kukaa! Zimeni redio, mwambieni aliye jikoni apunguze moto, kwa maana nawaletea habari nzito ya msitu wa serikali na msimu wa joto kali, pale Fundi Saa, simba wa kioski, mtiishaji wa skrubu zisizoonekana kwa macho, alipopambana na kilima, na jua, na mama mkwe wake, vyote asubuhi moja. Nawe ulimi wangu, usiniangushe leo.

Wakazi wa jengo lao, watu kumi na wanane wenye kofia, walikuwa wameamua kutembea msituni ili wapunguze vitambi. Mke wa shujaa alitangulia na wenzake, wanapiga soga. Nyuma kabisa wakabaki wawili tu: Fundi Saa, na hatua tatu nyuma yake mama mkwe, muuguzi mstaafu, aliyewachoma sindano watu wa mtaa mzima bila kupepesa jicho.

Sasa mjue kilichokuwa kikipiganiwa. Miaka mitatu tangu harusi, mama huyu hajapata kumwita mkwewe kwa jina wala kwa heshima. Kwake alikuwa "yule". "Yule kashakula?" "Yule bado anashinda kwenye kiti?" Hilo la kiti lilimkaa shujaa rohoni. Ndipo asubuhi ile, akifunga kamba za viatu vya kuazima, akaapa kwamba hatakaa hata mara moja mpaka kileleni, mama ajionee mwenyewe.

Penye kibao cha kwanza cha kuonyesha njia palikuwa na benchi. Akalipita kichwa juu. Kibao cha pili, benchi jingine, tena kivulini! Jasho limemwingia machoni, visigino vimechubuka, magoti yanaomba po. Akageuka kwa adabu zote.

"Mama, kama umechoka, tupumzike kidogo. Mimi sina neno, nakuonea huruma wewe tu."

"Mimi?" akasema mama, ameukumbatia mti kama ndugu aliyepotea. "Mimi niliyesimama wodini miaka thelathini? Labda wewe."

"Mimi niko imara, mama."

"Haya, twende."

Wakaenda, masikini, mmoja anahema kwa siri na mwenzake anahema kwa siri zaidi.

Kibao cha tatu. Benchi. Hapo shujaa akasimama, na majeshi mawili yakavamiana kifuani mwake: upande huu Aibu na matarumbeta yake, upande ule Visigino. Vita vilidumu muda wa kupiga chafya mbili. Aibu ikatimua mbio, hata kofia ikaiacha.

"Mama!" akanguruma, ingawa sauti ilitoka kama filimbi iliyoziba. "Niite utakavyo. Nimechoka! Nimechoka tangu tuliposhuka kwenye basi. Mimi ni mtu wa kiti, kitini ndiko ninakopata riziki ya binti yako, na sasa hivi, mbele ya miti hii yote, nakaa!"

Akakaa. Alikaa kwa kishindo, bila kuegemea upande, bila kubakiza kitu.

 Mama mkwe akashusha pumzi ndefu ajabu.

"Haki ya Mungu, afadhali! Goti langu limevimba kama papai. Nilikuwa naona haya kukaa, nikajua utakwenda kutangaza kwamba mama mkwe kazeeka. Mbona hukusema mapema, mkaidi wewe?"

"Nilikuogopa, mama."

"Na mimi nikakuogopa wewe! Tumekuwa wajinga wawili. Hebu sogea, mwanangu, na mimi nikae."

Basi wenye kutunza historia na waandike kwa wino mzito: siku hiyo watu kumi na sita walifika kileleni, wakapiga picha, wakashuka, na hakuna anayewataja. Bali saa nne na robo, penye kibao cha tatu, Fundi Saa aliitwa mwanangu, akasogea. Upande ule wa benchi aliosogelea ndege walikuwa wameuchafua vibaya, naye aliona vizuri kabisa. Akaukalia.