Haki Yangu ya Kuvuka

Jumatatu, 4 Machi
Kuanzia leo navuka barabara kwenye milia tu, kama sheria inavyotaka. Si ucha Mungu. Mkuu wa masjala anatafuta balozi wa usalama barabarani, na balozi atapewa meza ya dirishani. Meza ile! Upepo, mwanga, na mkuu haoni unachofanya. Mpinzani ni mmoja: mpiga chapa wetu, Kipanga, anayekatiza katikati ya magari kama aliyeahidiwa uhai wa pili. Huyo balozi? Thubutu!

Nimesimama kivukoni kwa muda wa saa moja na nusu. Sheria inasema magari yasimame. Labda madereva hawajaisoma. Ofisi iko ng'ambo tu, naiona nikipiga mswaki. Nimefika saa tatu. Kipanga kaniuliza safari ilikuwaje.

Jumanne, 5 Machi
Mbinu mpya: kuwatazama madereva machoni. Mmoja kasimama! Kumbe anauliza hospitali iko wapi. Nimemwelekeza, kaondoka, na nafasi kaondoka nayo.

Bibi mmoja mwenye kapu kanishika mkono. "Mjukuu wangu, ukingoja hawa wastaarabike utaota mvi hapa hapa." Alitaka tupite nje ya milia. Nimegoma. Bibi kavuka, nimebaki na msimamo wangu. Saa tatu na robo. Mkuu kasema nikichelewa tena, barua.

Jumatano, 6 Machi
Mke wangu kaniomba nivuke kama binadamu wengine, tuna watoto wa kusomesha. Maskini, hajui siasa za meza.

Nimeazima koti la kung'aa la shemeji, nikaandika SIMAMA kwenye kifuniko cha ndoo. Salaale! Yamesimama yote! Lori limefunga breki hadi likalia. Nimevuka taratibu, kama bwana harusi. Kazini saa mbili kasorobo. Mkuu katazama saa yake mara mbili.

Alhamisi, 7 Machi
Wema usioonwa na mkuu ni hasara. Nimelivizia gari lake, nikalisimamisha. Nikavusha wanafunzi, wachukuzi, mbuzi wawili. Mkuu kashusha kioo: ana kikao na wakubwa. Nikamjibu kwa adabu kuwa sheria haina mkubwa. Nilijipenda sana pale.

Nilisahau kitu kimoja tu, kuyaruhusu magari yaondoke. Foleni ikafika sokoni. Askari wa trafiki kaja, kanipigia saluti. Nami nikamrudishia! Kisha kapita nyuma yangu, kasoma mgongoni: USAFI WA MITARO.

Ijumaa, 8 Machi
Kituoni kwa polisi nilitolewa jana jioni kwa onyo: kuongoza magari bila idhini. Kati ya madereva wote wa mji huu, mvunja sheria ni mimi.

Balozi ni Kipanga. Sifa yake: huwahi kazini. Katoka na cheti, kakatiza mbele ya basi akinipungia. Mimi nimehamishiwa stoo. Haina dirisha. Machozi yamenitoka kidogo. Vumbi la mafaili.

Mke wangu hakunicheka. Kanimiminia chai, kanipapasa bega, kasema pole baba. Kisha kaenda jikoni, kafunga mlango. Nimemsikia.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekaa nikajihoji kwa ukweli, bila kujionea huruma. Nilikosea wapi? Mchana kutwa nimewaza. Jibu limekuja jioni, na limenitia aibu kwa urahisi wake: sikuwa na filimbi.

Nimenunua. Jumatatu naanza na makutano makubwa, yale ya barabara nne.