Chumba Kisicho na Nyuma

Mwalimu Wasim Rajab,
Chumba cha nne, nyumba za Hajati,
Bwaise, Kampala.

Kwa Mheshimiwa Hajati Husnah,
Mwenye Nyumba,
Luzira, upande wa Port Bell.

YAH: OMBI LA KUSOGEZEWA UKUTA

Assalaam alaykum Hajati,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa na afya njema na miwani yako iko karibu, maana ni ndefu kidogo.

Nimeiona ilani uliyoibandika mlangoni kwangu, inayonitaka nihame mwezi huu ukiisha kwa kosa la kutoboa nyumba ya watu. Nimeisoma kwa heshima. Nimesahihisha makosa mawili ya ngeli kwa kalamu nyekundu, usichukie, ni mazoea ya kazi. Kisha nikakaa chini kukuandikia, si kujitetea, bali kulalamika. Ukilitazama jambo hili kwa jicho la haki utaona kwamba aliyekosewa ni mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Chumba ulichonipangisha hakina nyuma.

Nieleze. Kompyuta yangu ilikuwa na sauti ya nzi ndani ya chupa. Watu wazima walikuwa wanauawa kwenye filamu na kulia kama mbu. Siku moja nikaenda Kabalagala kwa binamu yangu Mahmoud, anayeuza vyombo vya muziki, nikamweleza shida yangu. Akanikalisha kwenye kiti katikati ya duka, akaniwekea filamu ya porini. Simba akapita nyuma ya shingo yangu. Hajati, nilimsikia akikanyaga majani makavu! Nilisimama nikatoa shahada kwa sauti mbele ya wateja.

Mahmoud alicheka mpaka akashika kaunta. "Hakuna simba, Mwalimu. Ni spika ya nyuma tu."

Tangu siku hiyo sikuitaka tena filamu isiyoweza kunitisha kutoka nyuma.

Bajeti yangu ilikuwa ya mwalimu, na wewe unayepokea kodi yangu huhitaji kuelezwa. Mahmoud alinishauri kwa haki kabisa. "Ndugu yangu, kwa pesa hii nakupa spika mbili zinazoimba, ama tano zinazokohoa, na sabufa lake la kukoroma. Mimi nasema chukua mbili."

Nikachukua tano. Najua Bunge zima linatosheka na spika mmoja, lakini Bunge halijakutana na yule simba. Kompyuta yangu ilikuwa na tundu moja tu la sauti, lile la kijani, kwa hiyo Mahmoud akaniongezea kikasha kidogo cha kuchomeka pembeni chenye matundu ya kutosha spika zote, nikaenda nyumbani mtu mzima aliyekamilika.

Kijitabu cha maelekezo kinasema: spika mbili mbele, moja katikati, na mbili nyuma ya msikilizaji, mbali naye kidogo. Nikaketi mezani. Nikanyoosha mkono nyuma kutafuta hiyo nyuma, nikashika ukuta. Si kwamba ukuta ulikuwa karibu. Kisogo changu kilikuwa kimeuegemea miaka yote hii na kuupaka mafuta ya nywele. Nikageuza kiti, magoti yakaingia kitandani. Nikasukuma kitanda, mlango ukakataa kufunguka, nikalazimika kumpigia kelele jirani ausukume kutoka nje. Kwa kifupi, Hajati, ulinipangisha mbele tupu. Waganda chumba cha namna hii wanakiita muzigo. Sisi wenye Kiswahili tunaelewa kwa nini.

2. Ukuta wenyewe si ukuta.

Niliazima drili ili nitundike spika za nyuma juu ya kichwa changu. Nilitarajia matofali. Nikapata jirani. Drili ilitokea upande wa pili, katikati ya kalenda ya Afande Lamunu, kwenye mwezi wa Agosti.

Huyu Afande Lamunu unamfahamu, ni yule konstebo wa polisi, mwanamke wa Gulu, aliyepanga chumba cha tano. Alikuwa anapiga pasi sare yake. Sauti yake ikanijia kupitia tundu.

"Nani huyu anaingia kwa nyumba ya polisi na drili?"

Nikajibu kupitia tundu hilohilo kwamba ni mimi, Mwalimu, na kwamba nina tatizo la kitaalamu. Nikamweleza kwamba tundu limekwisha kuwa tundu, wala halirudi kuwa ukuta, na kwamba kama angekubali kuzihifadhi spika zangu mbili upande wake, zikielekezwa tunduni, basi chumba changu kingepata nyuma kwa mara ya kwanza tangu kijengwe.

"Itaimba?" akauliza.

"Itaimba, Afande."

"Ya bure?"

"Ya bure kabisa."

"Lete waya."

Jioni hiyo mvua ya filamu ilininyeshea kisogoni. Nilifurahi mpaka nikafumba macho, nikaikosa filamu yenyewe.

3. Hukuwaeleza wapangaji wako ni nani anaishi mbele na nani anaishi nyuma.

Jambo hili lilinishtua mimi mwenyewe. Spika za nyuma, Hajati, hazipewi maneno. Watu wa filamu wakizungumza, maneno yao yote hupita mbele. Nyuma hupelekwa masalio: nyayo, upepo, milango inayolia, pumzi za mtu aliyejificha. Kwa hiyo mimi nilikuwa nikitazama kisa kizuri chenye mwanzo na mwisho, na Afande Lamunu, ukutani hapohapo, alikuwa anaishi na jini.

Alinisubiri bombani asubuhi moja, ndoo mkononi.

"Mwalimu, hii kitu yako inatembea kwa mgongo yangu kila siku. Haisalimii mtu. Nasikia mlango inafunguka, naangalia mlango yangu, iko imefungwa. Nasikia mtu anapumua. Lakini maneno hapana, hata moja! Sasa hii ni filamu ama ni upelelezi?"

Nikamwambia maneno yako upande wangu, na kwamba anakaribishwa kuja kuyasikiliza wakati wowote.

Akaweka ndoo chini. "Mimi niingie kwa chumba ya mwalimu ya madrasa, nikae kwa kitanda yake, nisikie maneno? Bwaise mzima itasikia maneno."

Alikuwa na haki. Kitanda ndicho kiti pekee cha mgeni nilicho nacho, na hilo nalo, Hajati, ni kosa la ukubwa wa chumba. Lakini nikawa namwonea huruma. Nilianza kumsimulia kisa bombani, kila asubuhi, ili ajue nyayo alizozisikia zilikuwa za nani. Akawa anauliza maswali mazuri. Kuna muuaji mmoja alimtambua kwa mwendo wake tu, kabla mimi niliyekuwa namwona usoni sijamshuku.

4. Kisa cha Sulaimani muuza mkaa.

Hiki najua umekisikia, na najua umekisikia vibaya.

Jumamosi alasiri nilikuwa natazama filamu ya mwizi. Mwizi akakurupuka, akakimbia uchochoroni. Wakati uleule, kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, Sulaimani alikuwa anapita mbele ya chumba cha tano na gunia la mkaa begani, anatembea zake. Afande Lamunu akafungua mlango kwa teke, akamkamata shati.

"Afande, mimi natembea tu!" Sulaimani akalia.

"Ndiyo! Unatembea hapa wiki mzima, nakusikia! Unapumua kwa mlango ya watu!"

Gunia likaanguka, mkaa ukasambaa mpaka mtaroni. Wapangaji wakatoka vyumbani, watoto wakaja mbio, hata wale wacheza ludo wa njiani wakaacha mchezo. Na mimi huko ndani, kwa kuwa sikujua kitu, sikuisimamisha filamu. Kwa hiyo Sulaimani akawa amesimama kimya, ameshikwa, na nyayo zinaendelea kukimbia.

Afande akamtazama miguu. Sulaimani naye akaitazama miguu yake, kama mtu asiye na hakika nayo.

"Sasa huyu anakimbia ni nani?" Afande akauliza, taratibu sana.

Sulaimani alijibu kwamba yeye hajui, lakini kama ni lazima akamatwe mmoja kati yao, basi na akamatwe yule.

Kesi ilifika kwa Mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa wetu, Mzee Wanjala, akaisikiliza kwenye benchi lake nje ya saluni. Sulaimani alidai mkaa wake. Afande alidai maneno. Mimi nilidai nyuma. Mzee Wanjala alikuna goti, kisha akasema, "Tundu liko kwa ukuta ya wote wawili, basi na kompyuta ni ya wote wawili. Wiki moja ikae kwa Mwalimu, wiki moja ikae kwa Afande. Na Mwalimu aokote mkaa."

Niliuokota. Niliukubali na uamuzi, kwa moyo mweupe, kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, na nilimwambia Afande mbele ya watu kwamba kukaa mbele au kukaa nyuma ni jambo la mpangilio tu, halimpunguzii binadamu heshima. Watu walipiga makofi. Ilani yako ilinikuta bado nina masizi mikononi.

5. Sakafu.

Kijitabu kinasisitiza kwamba sabufa likae sakafuni. Hajati, wewe uliyejenga hapa unajua kwamba Bwaise kitu ukikiweka sakafuni umekitoa sadaka kwa maji. Sote vitanda vyetu vimesimama juu ya matofali. Ile mvua kubwa iliyokuja juzi, umeme ukiwa umekwisha kukatika, ililichukua sabufa langu likaelea kuelekea mlangoni kama bata. Nililivuta kwa waya wake kama mbuzi. Nimelianika, bado linafanya kazi, ila sasa halikoromi tena. Linabubujika.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo.

Ilani ifutwe. Ukuta ulio kati ya chumba cha nne na cha tano usogezwe nyuma, kiasi cha simba mmoja kupita bila kuchubuka. Kama ukuta hausogei, basi Afande Lamunu asihesabiwe tena kuwa mpangaji. Ahesabiwe kuwa mgongo wa chumba changu, na kodi yake ipunguzwe, kwani mgongo haulipi kodi kamili. Sakafu inyanyuliwe, au mafuriko yaelekezwe kwa jirani yako yule mwenye geti jekundu, ambaye hana spika na hatajali. Na siku utakapowatafuta wapangaji wapya, uandike wazi kwenye kibao kwamba vyumba hivi vinatazama upande mmoja tu, ili asije mtu mwingine mwenye ndoto akaumia kama mimi.

Zaidi ya hayo, naomba ufikirie kwa utulivu: tundu hili limewafanya wapangaji wako wawili, mwalimu wa madrasa na polisi, watu ambao kwa miaka miwili walikuwa wakisalimiana kwa kutikisa kichwa tu, wasimuliane hadithi kila asubuhi bombani. Mwenye nyumba gani mwingine katika Kampala hii anaweza kujisifu kwamba nyumba yake imetoboka ikazaa ujirani? Ningekuwa wewe ningetoboa na vyumba vingine.

Nisalimie Hajji na umwambie dua zake za mgongo nazisoma. Wasalimie wajukuu wote, hasa yule aliyenitolea ulimi siku ya Idd. Msalimie fundi wako wa ujenzi, mwambie sina chuki naye, naamini saruji ilikuwa adimu mwaka ule. Wasalimie majirani wa Luzira, walio huru na walioko ndani ya ule ukuta mkubwa wa gereza, ambao nasikia ni mnene kama inavyotakiwa.

Ni mimi mpangaji wako mtiifu, niliyebanwa lakini sijakata tamaa,

Mwalimu Wasim Rajab.

Tanbihi: Barua hii ilikuwa imekwisha kugundishwa bahasha. Nimeichana ili niongeze haya kwa haraka.

Zamu ya Afande imeanza leo mchana. Kompyuta, spika za mbele na sabufa lake la majimaji viko kwake. Zile mbili za nyuma zimerudi kwangu, waya zake zimepitishwa tunduni. Leo timu yangu inacheza fainali. Nilikuwa nimevaa jezi nikisubiri kualikwa, lakini kaka yake Afande, Kidega, ambaye ni askari magereza hapo kwenu Luzira, amekuja kumtembelea dada yake, ameweka kiti mlangoni, na ananitazama kama mtu anayekadiria kimo changu kwa ajili ya sare. Nimerudi ndani.

Hajati, mtangazaji yuko mbele. Kwangu wamekuja mashabiki. Uwanja mzima umo humu chumbani, wanapiga kelele kisogoni mwangu, na hakuna hata mmoja anayesema ni kwa sababu gani. Wamelia. Wameshangilia. Wamezomea kitu. Nimegonga ukuta kuuliza matokeo, na Afande amenijibu kupitia tundu, "Mwalimu, tulia. Ni mpangilio tu."

Futa yote niliyoandika hapo juu. Ukuta usisogezwe hata kidogo, uongezwe unene. Nitahama ukitaka. Lakini tundu hili lizibwe leo, kwa saruji nzito, na fundi afike kabla ya kipindi cha pili.

Wameshangilia tena, shangwe ndefu sana hii. Hajati, kama una redio hapo, nipigie simu. Nani kafunga?