Vita Yangu Dhidi ya Msimu wa Gobori

Jumamosi, 3 Novemba 2007

Hoja imepatikana! Jumamosi ijayo Umoja wa Waswahili wa Saltley, hapa Birmingham, unachagua mwenyekiti. Mwenyekiti ni mimi, Adow, tangu Umoja uanze, na sijaona sababu ya kubadilisha. Mpinzani: Henriette wa Bukavu, mpishi. Sera yake yote imo ndani ya sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao. Mimi nina vitabu hadi chooni.

Hoja yenyewe ni gobori. Silaha ya mababu, ile inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Nimenunua sokoni jarida kuukuu la wawindaji, jalada limechanika, nikalisoma lote ndani ya basi. Aibu! Kwa kuwa gobori ni la polepole, wenye magobori wametengewa msimu wao wa ziada wa kuwinda kulungu. Tena sheria hailihesabu kuwa bunduki: unaliagiza kwa posta bila kibali. Sasa viwanda vimeunda gobori jipya. Darubini juu. Vidonge vya baruti badala ya unga. Fataki iliyofunikwa isilowe mvua. Linamwangusha kulungu kutoka mbali kuliko hapa hadi msikitini! Gobori kwa jina tu, lakini msimu ni ule ule na kibali hakuna. Serikali imelala. Mimi niko macho.

Halimo, mke wangu, ametazama picha akasema usukani wa gari uko kushoto, kwa hivyo hapo si Uingereza. Nimemweleza kwamba watu huagiza magari nje. Akasema, Baba Nimo, hapa pameandikwa Pensilvania. Nikamjulisha, kwa upole wa msomi, kwamba Boston iko Lincolnshire, Washington iko kaskazini karibu na Newcastle, na Pensilvania iko Gloucestershire, nimeiona kwenye ramani. Wamarekani waliiba majina tu. Akarudi jikoni. Ameelimika.

Jumatatu, 5 Novemba

Mkakati! Umoja una pande mbili: sisi Wasomali tuliokulia Kenya, na Wakristo wa Kongo ya mashariki. Kila upande nimeuandikia karatasi yake.

Kwa Wasomali: mwenye gobori la zamani alikuwa na muda wa kutosha wa kusema Bismillahi kabla ya kufyatua. Mwenye gobori jipya ana haraka. Futeni msimu, kulungu aachwe kwa amani!

Kwa Wakongo: gobori jipya litamaliza nyama ya pori. Nichagueni, na kila familia itapata paja la kulungu Krismasi.

Hakuna mtu mwingine Birmingham angeweza kuandika zote mbili kwa mkono mmoja. Jioni mtaa mzima umelipuka fataki za sherehe ya Waingereza ya kila Novemba. Nchi inayochezea baruti hivi inanihitaji.

Jumatano, 7 Novemba

Nimempata shahidi. Sylvestre, dereva wa lori, mzaliwa wa Fizi, Kongo. Baba yake aliwinda kwa gobori. Amesema mzee alikuwa akishindilia, anasali, anafyatua, kisha anangoja moshi utawanyike ajue kilichoanguka ni mnyama au shemeji. Maneno ya dhahabu! Nimemwomba ayarudie mkutanoni.

Amekubali. Kisha akauliza paja linafika lini, maana mkewe Mireille ameshanunua pilipili na kumwomba Henriette nafasi kwenye friza.

Henriette! Inasemekana amesimama Alum Rock Road mbele ya watu na kusema, "Ule mzee anasemaka sana, lakini nyama yake iko fasi gani?"

Wivu. Mtu asiye na sera hushambulia kwa friza.

Ijumaa, 9 Novemba

Pigo la mwisho nimeliandaa. Nimemwalika Bi Jasbir, afisa anayeshughulikia vibali vya bunduki, aje mkutanoni. Amekubali! Nitambana mbele ya umma: msimu wa gobori unafutwa lini? Akigugumiza, ushindi wangu. Akijibu, ushindi wangu.

Baada ya sala nimekusanya saini nje ya msikiti. Wengine walidhani ni kuhusu maegesho ya magari. Sikuwasahihisha. Daud muuza nyama alitaka kujua kwa nini mtu asiseme Bismillahi huku akichungulia kwenye darubini. Nikamwambia swali lake ni zuri kwa kiwango chake. Akacheka, akatia saini kwa kidole chenye mafuta.

Jumamosi, 10 Novemba

Ukumbi ulijaa. Nilihutubia mpaka chai ikapoa. Nilikuwa mkali. Nilikuwa bora.

Kisha Henriette akavaa miwani, akasoma karatasi zangu zote mbili, moja baada ya nyingine, taratibu kama kasisi. Akanigeukia, akaniita mzee kwa Kifaransa. "Vieux Adow, huyu kulungu unamulinda ao unamukata paja?"

Kicheko. Nikajibu kwamba sera pana hutosha watu wote. Nikamgeukia Bi Jasbir, nikapiga meza: msimu wa gobori unafutwa lini?

Akasema, kwa adabu sana, kwamba Uingereza haina msimu wa gobori. Misimu ya hapa inafuata aina ya kulungu, na kama ni dume au jike, haifuati aina ya bunduki. Atakaye kufyatua gobori, la kale au jipya, anahitaji cheti, na baruti ina kibali chake. Halafu akaomba kuliona jarida langu. Akaniuliza kama nilitambua kwamba bei iko kwa dola.

Ukumbi ulilipuka. Sylvestre alianguka pamoja na kiti chake, shahidi wangu mwenyewe! Daud alilia machozi.

Kura zikapigwa kwa mikono. Mikono ya Henriette ilijaa hadi mlangoni. Kisha zamu yangu. Niliinua wangu. Nikamtafuta Halimo kwa macho. Alikuwa ameshika sahani ya sombe kwa mikono miwili.

Nilitoa funguo za ukumbi mfukoni nikamkabidhi Henriette. Zilikuwa bado na joto langu. Akasema asante, vieux, keti kwanza ule. Nilikula nikitazama ukuta.

Jumapili, 11 Novemba

Nimelala, nimetafakari, na ukweli umenijia mzima.

Jumamosi iliyopita msimu wa gobori ulikuwepo. Nilianzisha kampeni. Wiki moja baadaye, afisa anayehusika anasimama hadharani na kutangaza kwamba msimu haupo! Na vibali sasa ni lazima! Ni nani katika mji huu, mbunge au diwani, amewahi kubadilisha sheria kwa kasi hiyo, bila kutoka Saltley?

Henriette amepata ukumbi wenye paa linalovuja. Mimi nimepata nafasi katika historia. Halimo nimempa habari hii alipokuwa akiosha vyombo. Mabega yake yalitikisika kwa muda mrefu. Furaha, bila shaka.

Mchana nimepita dukani kwa Daud. Wanaume wote wakasimama. Akaniuliza kwa sauti kubwa, "Mheshimiwa, na kulungu wako je?"

Nikamjibu kwamba wako salama, na kwamba hawana haja ya kunishukuru.