Kitabu Kilichovundikwa

Jumanne, 1 Julai 1952

Itangazwe kwa vizazi vyote vya Nyaishozi: leo saa nne asubuhi mimi Elpidius, mpiga kengele wa kanisa, nimekuwa mwenye kitabu cha falsafa. Cha Kifaransa! Padri anarudi kwao na anagawa vitu. Vitabu hivyo alikuwa navyo viwili, vya jina lile lile. Kimoja alikinunua mwenyewe kilipotoka, wakati wa vita. Cha pili dada yake alimtumia juzi bila kujua kwamba anacho. Mimi nimepewa kile cha vita. Jalada limechanika, karatasi zimekuwa kama majani makavu ya mgomba. Kile kipya, kinachong'aa, kapewa nani? Byarugaba! Fundi cherehani! Mchana sikula.

Jumatano, 2 Julai

Nimekwenda kwa Byarugaba. Nikamwambia namhurumia. Akauliza kwa lipi. Nikasema changu Padri amekisoma miaka tisa, kina jasho lake, karibu ni masalia ya mtakatifu. Chake kimeguswa na karani wa posta tu. Akakuna kichwa. Akasema basi, mzee, tubadilishane. Nikajifanya kusita. Nikajifanya vizuri mno, akaghairi. Ikabidi niongeze mkungu wa ndizi na jogoo.

Mjinga yule! Nimelala na kitabu kipya kifuani. Placidia, mke wangu, kauliza jogoo yuko wapi.

Ijumaa, 4 Julai

Balaa. Mwalimu mmoja Mbelgiji kavuka mto kutoka Ruanda kuja kumuaga Padri. Huyu hukusanya vitabu kama wengine wanavyokusanya ng'ombe. Kapeleka suruali kwa Byarugaba ikashonwe, kakiona kile chakavu juu ya cherehani, kavua kofia. Toleo la kwanza! Kasema yaliyosalia ni machache. Jumatano atakuja kukibadilisha kwa baiskeli. Mpya. Ina taa.

Nikakimbilia changu. Kakipapasa, kasema ni kizuri kwa kusoma. Tusi gani hilo!

Nikamuuliza basi kinasema nini. Kasema: binadamu yu huru, hutengenezwa na anayoyachagua mwenyewe, wala hana wa kumsingizia. Nimekubaliana nacho chote. Haya yote kayasababisha Byarugaba.

Jumamosi, 5 Julai

Nimewaza tangu alfajiri, hata kengele ya misa imechelewa. Mzungu anapenda kilichozeeka. Changu kimepungukiwa nini ila uzee? Ndizi mbichi Placidia huzivundika shimoni: moto kidogo, majani, udongo juu. Siku nne tu, zimekuwa za manjano na zimelainika. Karatasi nayo si mmea? Leo anavundika za rubisi, pombe ya harusi ya mdogo wake Deodatha. Alipokwenda kuteka maji, nikakipenyeza katikati ya ndizi.

Byarugaba ajiandae kutembea.

Jumatano, 9 Julai

Kimeiva. Hilo hakuna wa kulikana. Manjano kimekuwa. Ila kimevimba kama shavu la mwenye jino bovu, na vijinzi vya ndizi mbivu vimenisindikiza hadi kwa Byarugaba. Nikamwambia Mbelgiji shikamoo bwana, hiki nacho ni cha kwanza, nilikuwa nimekificha. Kakinusa. Kauliza kwa upole kama kinaumwa. Kisha kafunua mbele, kanionyesha mwaka wa kuchapwa: 1951. Kumbe huandikwa! Nani aliyewatuma waandike?

Byarugaba kacheka mpaka kashikilia cherehani. Wateja wote wanasikia, ananiambia, "Mzee Elpidius, hicho tukisome au tukikamue?"

Nyumbani, Placidia kakuta gundi na nyuzi kwenye ndizi zake. Hakupiga kelele, ndiyo mbaya zaidi. Kaniambia: Baba Projest, shimo bado lina moto, na wewe naona hujaiva.

Jumapili, 13 Julai

Byarugaba kaja misani juu ya baiskeli. Watu wametoka kanisani kabla ya baraka, wakaizunguka. Kokushubira, yule mjane wa Kimuli ambaye hajawahi kuniitikia salamu, kaomba apakiwe. Kapakiwa! Kashika kiuno cha fundi!

Haivumiliki. Nikamsubiri njiani. Nikamweleza kwamba chuma cha Ulaya huingiza baridi magotini, mwenye kushona kwa miguu ataponaje, afadhali tubadilishane tena. Nilitegemea ubishi. Kakubali hata sijamaliza kusema. Kachukua mbuzi wangu wawili, mmoja ana mimba, na madebe matano ya kahawa. Placidia sijamweleza. Atafurahi akiiona taa.

Nimemshinda. Kaondoka kwa miguu, mbele ya watu, akiswaga mbuzi. Baiskeli ni yangu. Nimeisukuma njia nzima hadi nyumbani, kwa sababu kuendesha sijui.